Lango la Kumi na Tatu

Babu yangu mzaa baba alikufa bila kabila. Alikuwa na kwao, alikuwa na mama aliyemzaa, na mpaka uzeeni alikuwa akiweweseka usiku kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa nyumbani. Lakini alipofikishwa Muheza kabla ya Vita Kuu ya Pili, kijana miongoni mwa manamba walioletwa kukata mkonge, karani wa shamba alimwandika jina jepesi kwa kalamu yake, akampa namba, akampa na kipande chenye vyumba thelathini vya kutia alama siku thelathini za kazi. Penye kabila karani aliandika neno ambalo baba yangu, maisha yake yote, hakukutana na mtu mwingine anayejiita hivyo. Babu akiulizwa alijibu tu, "Kwetu ni ng'ambo ya ziwa." Ziwa gani, hakusema. Wenzake waliotoka Songea, Rungwe, Kigoma, Msumbiji na Urundi walirudi makwao au waliwaita ndugu zao waje. Yeye hakurudi, wala hakumwita mtu.

Upande wa mama mambo ni mengine kabisa. Mama yangu ni Mbondei wa Magila, pale Msalabani, na kwa wajomba zangu asili ilikuwa chakula cha jioni. Kwao nilisikia habari za Mbegha, mwindaji wa Nguu aliyekimbia ndugu zake kwa sababu alizaliwa kigego, akapanda milima ya Usambara na nyama ya nguruwe mwitu, akawa mfalme wa Vugha. Nilisikia pia jinsi Kimweri ye Nyumbai alivyofariki mwaka 1862, na jinsi Wabondei walivyowainukia Wakilindi baadaye katika vita ambavyo wazee waliviita Kiva. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kilipigwa chapa hapahapa Magila na wamisionari wa UMCA, sehemu baada ya sehemu, kuanzia mwaka 1895. Kwa hiyo nimekua na mguu mmoja ndani ya kitabu cha asili kilichochapwa kijijini kwetu, na mguu mwingine ndani ya neno la karani.

Nimefundisha somo la dini shule ya msingi mpaka nikastaafu, na bado ninasoma masomo kanisani Jumapili. Makabila kumi na mawili ya Israeli nimewakaririsha watoto kwa wimbo, mwaka baada ya mwaka. Kanoni mmoja mstaafu, msomi kweli, ndiye aliyeniazima vitabu vya Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi, akaniambia, "Mwalimu, soma hapa wanavyoyasoma wenyewe." Nilivisoma nikiwa na swali moja lililonikaa moyoni tangu utoto: mtu asiyejua kabila lake anaingilia wapi kwa Mungu?

Tuanze na Biblia yenyewe, kwa sababu watu hulisahau jambo lililo wazi pale. Makabila kumi na mawili yalianza kama ugomvi wa nyumba moja. Mwanzo sura ya 29 na ya 30 ni habari ya mwanamume mmoja na wanawake wanne: Lea asiyependwa, Raheli apendwaye asiyezaa, na wajakazi wao wawili, Zilpa na Bilha, waliotolewa kwa Yakobo bila kuulizwa. Akina mama ndio waliotoa majina, na karibu kila jina limebeba kilio au ushindi wa mwanamke. Lea anamwita wa kwanza Reubeni kwa sababu Bwana ameona mateso yake. Raheli anamwita mtoto wa Bilha Naftali kwa sababu ameshindana na dada yake. Hivyo ndivyo taifa lilivyopata matawi yake.

Dani na Naftali ni wana wa mjakazi. Gadi na Asheri ni wana wa mjakazi. Jangwani, makabila yanapopanga mahema kuizunguka maskani, matatu kila upande, Dani ndiye mwenye bendera ya kaskazini, na Naftali na Asheri wako chini yake. Katika kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu mna mawe kumi na mawili, na jiwe la mwana wa mjakazi halikukatwa dogo. Ukanda wetu huu wa Pangani na Tanga, ambako majahazi yalipakia watu kwa mamia, bado una nyumba ambamo neno "mjukuu wa mtumwa" husemwa kwa kunong'ona, tena linapotakiwa kuumiza. Ningependa wanaolisema waisome orodha ya Mwanzo sura ya 35 polepole, jina kwa jina.

Kabala haikuridhika na ugomvi wa nyumbani. Iliuliza ugomvi huo ulikuwa kivuli cha nini. Katika Zohar, kitabu kilichojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13 na ambacho wanazuoni wengi wanakihusisha na Moses de León, Lea na Raheli ni zaidi ya dada wawili. Lea ni ulimwengu uliofichika, Raheli ni ulimwengu ulio wazi. Yakobo amesimama katikati, anawaunganisha, na wana wanaozaliwa ni njia ambazo yaliyofichika huzipitia ili yaonekane. Bahari ya shaba aliyoitengeneza Sulemani, iliyobebwa na ng'ombe kumi na wawili, watatu wakielekea kila upande wa dunia, Zohar inaisoma vivyo hivyo: makabila ndiyo yanayoubeba uwepo wa Mungu hapa chini. Kwa Kabala, basi, ukiuliza "kabila hili limetoka wapi?" hujibiwi kwa kuonyeshwa nyuma, kwenye kaburi la babu. Unaonyeshwa juu. Asili ya kabila ni mahali linapopokelea.

Kuna kitabu kingine, kidogo na cha kale zaidi, Sefer Yetzirah, kinachosema Mungu aliumba kwa herufi ishirini na mbili za Kiebrania: tatu ni mama, saba ni za sauti mbili, na kumi na mbili ni za kawaida. Hizo kumi na mbili zimefungwa na miezi kumi na miwili, nyota kumi na mbili za falaki na viungo kumi na viwili vya mwili. Wafasiri waliofuata wakayaweka makabila humo humo, kila moja na mwezi wake. Kisha wakafanya jambo lililonifanya nichukue karatasi na kalamu. Jina kuu la Mungu, ambalo Wayahudi hawalitamki, lina herufi nne, na mbili kati yake zinafanana. Jaribu mwenyewe kuzipanga na kuzipangua. Kama zingekuwa herufi nne tofauti ungepata mipangilio ishirini na minne. Kwa kuwa mbili zinafanana, unapata kumi na miwili, haizidi wala haipungui. Wakabala wakasema kila mpangilio ni wa mwezi mmoja na kabila moja.

Nilipomaliza kuandika mistari ile kumi na miwili nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu. Hakuna kabila lenye herufi ambayo wengine hawana. Yuda, mzaa wafalme, na Gadi, mwana wa Zilpa, wamepewa Jina lilelile, herufi zilezile nne, na mpangilio tu ndio unaotofautiana. Wala hakuna kabila lililoachiwa Jina pungufu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya umoja wa watu wa Mungu, na hili nililolipata kwenye karatasi ya daftari limenikaa kuliko hayo yote.

Hata hesabu yenyewe ya kumi na mbili si kichwa kwa kichwa kama ya mahudhurio darasani. Yusufu amegawanyika akawa Efraimu na Manase. Kwa hiyo ukitaja majina yote pamoja na Lawi ni kumi na matatu. Ardhi inapogawanywa, Lawi hatajwi na Yusufu anahesabiwa mara mbili. Lawi akihesabiwa, Yusufu anarudi kuwa mmoja. Daima panapatikana kumi na mbili, na daima kuna mmoja anayesogea ili hesabu itimie. Wayahudi wana simulizi la kale pia juu ya usiku ule Yakobo alipolala Betheli. Aya moja inasema alitwaa katika mawe ya mahali pale, na asubuhi aya nyingine inataja jiwe, moja. Marabi wakasema yalikuwa mawe kumi na mawili, na usiku yakashikana yakawa jiwe moja chini ya kichwa chake, naye akajua kwamba atazaa makabila.

Sasa nije kwenye malango. Ezekieli, katika sura ya mwisho ya kitabu chake, anauona mji wenye malango kumi na mawili, kila lango na jina la kabila. Sisi Wakristo tunaukuta mji huo tena katika Ufunuo sura ya 21. Jirani yangu, mwalimu wa madrasa, aliposikia ninayoandika aliniambia kwamba na Kurani inaeleza jinsi Musa alivyolipiga jiwe kwa fimbo zikabubujika chemchemi kumi na mbili, na kila kundi likajua mahali pake pa kunywa. Tuko pamoja katika hili. Njia zimewekwa nyingi tangu mwanzo, na aliyeziweka ni mmoja.

Katika mji wa Safed, Galilaya, aliishi kwa muda mfupi Isaac Luria. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akalelewa Misri, akahamia Safed mwaka 1570, akafariki kwa tauni mwaka 1572, hajatimiza miaka arobaini. Yeye mwenyewe aliandika machache sana, na mengi tunayoyajua yaliandikwa na mwanafunzi wake Hayyim Vital. Safed wakati ule ilijaa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 na watoto wao, pamoja na wengine kutoka Afrika Kaskazini, Ujerumani, Italia na nchi za Waarabu, kila kundi na namna yake ya kusali. Walibishana ni sala ipi iliyo sahihi. Luria akafundisha kwamba mbinguni kuna malango kumi na mawili, lango kwa kila kabila, na sala ya kila kabila hupanda kupitia lango lake. Kwa hiyo namna za kusali zinatofautiana, na mtu asiache namna ya baba zake.

Fundisho zuri, lakini lina tundu, na tundu lenyewe ni swali langu. Waashuru walipoiteka Samaria, miaka 700 na zaidi kabla ya Kristo, makabila kumi ya kaskazini yalichukuliwa yakapotea. Waliobaki wakachanganyika. Isipokuwa makuhani na Walawi, Myahudi wa siku za Luria hakujua kwa yakini yeye ni Isakari au Zabuloni. Akasali kupitia lango gani?

Jibu lilitoka karibu miaka mia mbili baadaye, huko Ulaya Mashariki, kwa Dov Ber wa Mezeritch, mwalimu wa Wahasidi (Hasidim), kundi la Wayahudi wamchao Mungu, aliyefariki mwaka 1772. Alisema liko lango la kumi na tatu. Ni la yule asiyejua kabila lake. Luria, aliyezijua njia zote za mbinguni, alipanga namna ya kusali inayokusanya malango yote kumi na mawili, ili asiyejua pa kupita apite hapo. Mtu akijua kabila lake kwa hakika, ashike lango lake. Asipojua, hakuambiwa asubiri nje mpaka atafute nasaba.

Nililisoma hilo mara mbili, nikafunga kitabu, nikamlilia babu yangu, ambaye sikumlilia siku ya mazishi yake kwa kuwa nilikuwa mtoto mdogo.

Hapa Muheza lango hilo nimewahi kuliona likifunguliwa. Baba yangu alizikwa kwenye makaburi ya kambi ya zamani, upande wa Ngomeni. Anayetujua sisi Waboshazi, yaani Wabondei, Wasambaa na Wazigua, anajua msiba bila watani haukamiliki. Wao ndio wanaowatania wafiwa, wanaozuia jeneza wakidai fedha, wanaojilaza kaburini, na ndio pia wanaofanya kazi nzito ambazo wenye msiba hawaziwezi siku hiyo. Watani wa upande wa mama walikuwepo, wakawatania wajomba. Lakini marehemu mwenyewe alikuwa mtoto wa mtu asiye na kabila, na mtani hutoka kwa kabila. Jeneza liliinuliwa, likaanza kwenda kimyakimya, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko kilio.

Akatokea mzee mmoja wa Kinyakyusa, aliyefanya kazi na baba miaka mingi korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, mkono wake wa kushoto umepungukiwa vidole. Akabwaga jembe njiani, akaketi juu ya mpini.

"Hapiti mtu," akasema. "Huyu ana deni langu."

Mjomba wangu mkubwa, mtu wa desturi, akamsogelea kwa heshima. "Shikamoo mzee. Lakini wewe ni mtani wake kwa kabila lipi?"

"Marahaba. Kwa kabila la korona. Mimi na yeye tumemeza vumbi la mashine moja. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Mzee akanigeukia mimi. "Mwanangu, toa hela ya jembe, baba yako aende zake. Nami nitamshukia kaburini, usiogope." Nikampa noti niliyokuwa nimeifunga pembeni mwa kanga. Akainuka, akashuka kaburini mwenyewe na uzee wake ule, akampokea baba.

Sijui kama mzee yule aliwahi kufungua kitabu chochote cha dini mbali na kitabu cha nyimbo. Alifanya alichokisema Dov Ber: pale ambapo hapakuwa na lango, akasimama yeye.

Iko njia nyingine ya kumshughulikia asiye na asili, nayo ni kumtungia. Mwaka 1904, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Moshi, Moritz Merker, alichapisha Berlin kitabu juu ya Wamaasai. Humo alidai kwamba Wamaasai na Waisraeli wa kale ni watu wa shina moja. Aliandika hadithi alizosema alisimuliwa na wazee, za mtu wa kwanza na bustani, na za Tumbainot aliyeokoka gharika ndani ya safina. Waliomfuata walipata shida kuzisikia hadithi hizo kwa Wamaasai wengine, na swali la wamisionari kuwa wamekwisha pita hapo kabla yake halikumsumbua vya kutosha. Siwezi kumchukia Merker, kwa sababu kiu ya kuyapata makabila yaliyopotea ni ya zamani na ina huzuni yake. Lakini mizani aliyoitumia ni mbaya. Wamaasai walipendeza machoni pake kwa kuwa aliwaona wametoka mahali pengine, na hivyo majirani zao, waliokuwa wa hapahapa, wakawa hafifu.

Mizani hiyohiyo ilipelekwa Rwanda. Wazungu walifundisha kwamba Watutsi ni Wahamu waliotoka kaskazini, watu wa nasaba ya Biblia, wazaliwa wa kutawala. Somo lilikaririshwa shuleni mpaka likaaminiwa na pande zote mbili. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akawaambia wasikilizaji kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilibeba maiti hadi Kagera na Ziwa Victoria, na wavuvi wa kando ya ziwa wakazizika. Kila ninaposikia kijana akijigamba kwamba ukoo wake ulitoka Uajemi, Uyahudi au Misri na kwa hiyo si sawa na "hawa wa hapa", huikumbuka mito hiyo.

Hata hivyo asili inaweza kutumika kuokoa, na mfano ninao. Katika Ufunuo sura ya 7, makabila yanapohesabiwa na kutiwa muhuri, Dani hayumo. Wakristo wengi wamejenga juu ya pengo hilo mambo ya kutisha. Wayahudi walimkumbuka Dani kwa jambo tofauti: katika msafara wa jangwani yeye alitembea nyuma ya wote, na marabi wakasema kila aliyedondosha kitu njiani, Dani alikiokota akamrudishia. Karne ya 16 huko Misri aliletwa mwanamke mateka kutoka Ethiopia pamoja na mwanawe, akanunuliwa na Myahudi, na suala lake likafika kwa David ibn Zimra, mkuu wa marabi wa huko. Alitamka kwamba Wayahudi wa Ethiopia ni wana wa Dani waliotekwa, basi ni ndugu, na ndugu akitekwa ni wajibu kumkomboa. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa walimu wa Luria. Mwaka 1973 rabi mkuu Ovadia Yosef aliitegemea hukumu ile kuwatambua Wayahudi hao wa Ethiopia, waitwao Beta Israel, na Mei 1991, kwa muda wa siku moja na nusu hivi, ndege ziliwahamisha zaidi ya watu 14,000 kutoka Addis Ababa. Wanahistoria wanabishana kama nasaba ya Dani ni ya kweli. Mimi natazama ilimfanyia nini mama yule na mwanawe.

Na wako waliopita bila nasaba yoyote. Semei Kakungulu, jenerali wa Baganda aliyeachana na Waingereza, aliisoma Biblia akafikia uamuzi wake, na mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wafuasi wake karibu na Mbale. Hakudai kuwa ni kabila lililopotea. Jumuiya yake, Abayudaya, ilivumilia miaka ya Idi Amin, Uyahudi ulipopigwa marufuku. Mwaka 2002 mamia yao waliongolewa rasmi mbele ya marabi, na Gershom Sizomu akawekewa mikono kuwa rabi mwaka 2008. Walikwishaandikiwa jibu karne nyingi nyuma. Rabi Maimonides, alipoulizwa na mwongofu aitwaye Obadia kama anaweza kusali akisema "Mungu wa baba zetu" ilhali baba zake hawakuwa Waisraeli, alimjibu aseme, tena bila kubadili neno.

Ningekuwa mwongo nikisema Kabala yote ni ya namna hii. Katika Zohar, na zaidi katika Tanya, kitabu cha Shneur Zalman wa Liadi kilichochapwa miaka ya 1790, imo mistari inayosema nafsi za mataifa zimetoka mahali pa chini, pa giza, zisilingane na nafsi za Israeli. Nilipofika hapo nilimrudishia kanoni kitabu chake kwa siku kadhaa. Lango la kumi na tatu la Dov Ber halikutengenezwa kwa ajili ya mjukuu wa manamba wa Muheza, nami nalijua hilo. Lakini ukweli ukishasemwa, aliyeusema hawezi tena kuuchagulia wasikilizaji. Kama Mungu amemwekea njia Myahudi aliyesahau kwamba yeye ni Zabuloni, siwezi kuamini amemfungia mtu wa ng'ambo ya ziwa ambaye karani alimwandika vibaya.

Haya yote nayaandika kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka jana. Mwana wa kaka yangu, fundi umeme, kijana wa sala na mwenye adabu, alipeleka barua ya posa kwa familia moja ya hapa mjini. Binti alikuwa radhi. Barua ilirudi na mshenga, na sababu ikasemwa waziwazi: "Ukoo wa baba yao haujulikani." Nchi yetu iliuliza kabila kwenye sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Serikali imeacha kuuliza, sisi ukumbini tunaendelea. Marabi wa Talmudi, watu waliotunza nasaba kwa ukali kuliko wote ninaowajua, walifika mahali wakasema: familia iliyokwisha changanyika ndani ya Israeli, iacheni, msiifukue. Wakaongeza kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mungu amewatendea watu wake.

Wazazi wenzangu wa Muheza, Korogwe na Tanga, mnaopokea mshenga sebuleni: ulizeni kijana anasali wapi, anamtunzaje mama yake, ana kazi gani, ana ugonjwa gani. Hayo ni haki yenu. Akiwaambia hajui kabila la babu yake, msimrudishie barua.